Darsa ya Haidrojeni: Mchanga wa Kwale na Zawadi ya Mfalme Faisal



Mzazi mmoja wa hapa Msambweni alitujia baada ya sala ya alasiri, karatasi mkononi. Mwanawe yumo gredi ya tisa, na skuli imemtaka achague mkondo atakaousoma katika gredi ya kumi: ama sayansi, ufundi na hisabati, ama ilimu za jamii, ama sanaa na michezo. Mpango huu ni mpya. Kundi la kwanza liliingia gredi ya kumi Januari 2026, na wazazi wengi wangali hawajaushika vyema. Kijana ataka sayansi. Baba hapingi, ila ana neno moja limkeralo, nalo alilisema waziwazi: "Sayansi ina wenyewe, nao wako mbali. Atasoma khabari za gesi na umeme, kisha atarudi hapa kwetu penye minazi na bahari. Atavifanyia wapi?"

Hatukutaka kumjibu mzee wetu kwa maneno ya kumpoza. Tumeona bora tumjibu kwa darsa, na mwengine yeyote mwenye shaka kama yake aisome pamoja naye. Darsa yenyewe ni ya zawadi iliyotolewa Riyadh mwaka 2015, na ya mchanga uliochimbwa si mbali na nyumba ya mzee huyu.

Zawadi ya Mfalme Faisal hutolewa na wakfu ulioundwa mwaka 1976 na wana wa Mfalme Faisal bin Abdulaziz wa Saudi Arabia, aliyeuawa mwaka 1975. Ilitolewa kwa mara ya kwanza 1979, na aliyeanza kuipata kwa utumishi wa Uislamu ni Abul A'la Maududi wa Pakistan. Baadaye zikazidishwa tiba na sayansi. Fungu la sayansi lilianza kutolewa mwaka 1984. Apewaye hupata hati, nishani ya dhahabu ya gramu 200, na riali 750,000 za Saudia. Wengi wetu huku pwani tulilisikia jina la zawadi hii mwaka 2022, pale Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wa zamani wa Tanzania, aliyefariki Februari 2024, alipokuwa mmoja wa wawili waliopewa kwa utumishi wa Uislamu. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini khabari za fungu la sayansi hazikufika barazani kwetu, wala hatukuziulizia. Na katika fungu hilo dini ya mtu haitazamwi. Hutazamwa kazi yake.

Mwaka 2015 zawadi ya sayansi iliangukia kemia, nayo ikagawiwa watu wawili. Wa kwanza ni Michael Grätzel, mzaliwa wa Ujerumani mwaka 1944, mwalimu katika chuo kikuu cha ufundi cha Lausanne, Uswisi. Wa pili ni Omar Yaghi, mwana wa wakimbizi wa Kipalestina, aliyezaliwa Amman mwaka 1965. Huyu wa pili mwaka 2025 alipewa na Nobeli ya kemia, pamoja na Susumu Kitagawa wa Japani na Richard Robson wa Australia. Kazi zao ni mbalimbali, lakini zote mbili zinaingia katika swali moja: vipi mwanadamu ataigeuza nishati ya jua iwe kitu cha kuwekwa akiba, na akiisha kukipata, atakiweka wapi?

Neno "kuigeuza" ndilo la kushikwa. Nishati haiumbwi na mwanadamu. Hugeuzwa tu kutoka sura hii kwenda sura ile. Mama apikaye kwa vifuu na makumbi hatoi moto kutoka kusipo kitu. Jua liliangukia jani la mnazi, jani likaifunga nguvu ile ndani ya mti na tunda lake, na jikoni inafunguliwa. Makaa ni hivyo hivyo. Mafuta ya petroli ni hivyo hivyo, ila jua lake ni la zamani mno. Tofauti ni kuwa njia hizi hutoa moshi, humaliza miti, au huletwa na meli kwa bei iliyopangwa na watu wasiotujua.

Sasa tutazame maji. Maji yameundwa kwa vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, haina rangi wala harufu, na ikiwashwa huungana na oksijeni ya hewani, ikatoa moto mkali, na kinachobaki ni maji tu. Hakuna masizi wala moshi wa makaa.

Hapo mzee mmoja katika darsa yetu aliinua mkono akauliza: "Maji ndiyo yazimayo moto. Vipi moto utoke ndani yake?" Swali hili ni zuri kuliko mengi tuliyowahi kuulizwa, na jawabu lake ndilo moyo wa somo hili. Maji ni jivu la haidrojeni. Ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Na jivu haliungui mara ya pili. Ukitaka kuipata tena haidrojeni kutoka katika maji, sharti uirudishe nguvu yote iliyotoka ilipoungua, na zaidi kidogo, kwa kuwa katika kila mageuzo kuna kinachopotea njiani. Yeyote atakayewaambia kuwa amegundua gari linalokwenda kwa maji matupu, basi mjue kuwa ama hajui asemalo ama analijua na anataka pesa zenu.

Kuyapasua maji si jambo gumu kulionyesha. Katika darsa tulichukua gilasi ya maji, tukatia kijiko kidogo cha magadi ya jikoni, tukachonga penseli mbili ncha zote mbili, tukazitumbukiza ncha za chini majini na za juu tukaziunga kwa waya na betri ndogo ya mraba ya volti 9. Mara hiyo viputo vikaanza kupanda katika penseli zote mbili. Upande wa hasi viputo ni vingi zaidi: ile ni haidrojeni, kwa kuwa katika maji yapo mafungu mawili ya haidrojeni kwa fungu moja la oksijeni. Mwenye kulijaribu nyumbani asitie chumvi badala ya magadi, maana chumvi hutoa klorini, nayo ni gesi ya sumu kwa mapafu. Na afungue madirisha, na asikaribishe moto. Watu walifanya jambo hili kwa mara ya kwanza mwaka 1800 kule Uingereza, mara tu betri ilipovumbuliwa. Kwa hivyo tangu siku nyingi ilijulikana kuwa umeme huyapasua maji. Kilichokuwa hakijulikani ni kama mwanga wa jua wenyewe utaweza kuifanya kazi hiyo.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, walitangaza katika jarida la Nature kuwa wameweza. Walitia majini kipande cha jiwe moja, wakakiunga kwa waya na kipande cha platini, kisha wakaliangazia jiwe kwa taa kali. Penye jiwe pakatoka oksijeni, na penye platini pakatoka haidrojeni. Na jiwe lenyewe lilikuwa ni nini? Lilikuwa rutili, yaani oksaidi ya titani.

Tuwasihi wasomaji wasimame kidogo kwa neno hilo. Rutili ni mojawapo ya madini matatu yaliyokuwa yakichujwa katika mchanga wa Kwale, huko Maumba na Nguluku. Mengine mawili ni ilimenaiti, ambayo ni titani iliyochanganyika na chuma, na zirkoni. Mgodi ulianza kutoa madini mwaka 2013 na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Miaka kumi na moja malori yalikuwa yakipita njia yetu ya Likoni, na meli zikipakia. Hatusemi kuwa jiwe la Fujishima lilitoka kwetu. Lile liliundwa maabarani zamani kabla ya mgodi kuwapo. Wala hatusemi kuwa mchanga wetu ulikwenda kutengeneza haidrojeni. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe, ile ya kuta na karatasi na dawa ya meno, na nyengine huwa chuma cha titani na vijiti vya kuchomelea. Tusemalo ni kwamba kitu kile kile kilichokuwa chini ya mikorosho yetu ndicho kilichofungua mlango wa ilimu ambayo hivi leo watu wanapewa nishani za dhahabu kwa ajili yake.

Na tuseme kwa insafu: mgodi uliajiri watu, ulilipa mrabaha na kodi. Juu ya mrabaha huo tumebishana sana. Sheria ya madini ya mwaka 2016 imeweka asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali penye madini, na kudai fungu lako ni haki. Lakini katika mabaraza yote tuliyohudhuria, hatukumsikia hata mtu mmoja (na sisi tukiwa miongoni mwa walionyamaza) akiuliza: mchanga huu ukifika uendako, wafanywa nini, na nani ajuaye kuufanya? Tulishughulika na bei ya gunia, tusiulize kilichomo.

Turudi kwa Grätzel. Ugunduzi wa Fujishima ulikuwa na ila kubwa. Oksaidi ya titani ni nyeupe, na kitu cheupe huurudisha mwanga badala ya kuunywa. Ilikuwa ikishika ile miale mikali isiyoonekana kwa macho tu, nayo ni sehemu ndogo sana ya nguvu ya jua. Iliyobaki ikipotea bure. Grätzel alilitazama jani la mti. Jani lina rangi ya kijani, na rangi ile ndiyo inayonasa mwanga. Akasema, basi nasi tuipake titani rangi. Akasaga oksaidi ya titani ikawa chembe ndogo mno zisizoonekana, akazipaka juu ya kioo kwa utando mwembamba wenye vitundu ndani kama sifongo, hata uso wake wa ndani ukawa mara mamia ya uso wa kioo. Kisha akauloweka utando huo katika rangi. Mwanga ukiipiga rangi, rangi huachia chembe ya umeme, titani huipokea na kuipitisha, na umeme ukapatikana. Yeye na Brian O'Regan walitangaza jambo hili katika Nature mwaka 1991. Kifaa chao kiligeuza zaidi ya asilimia 7 ya nguvu ya jua kuwa umeme, kwa vitu vya bei nafuu na bila ya tanuri kubwa za viwanda vya silikoni. Rangi aliyoitumia ilikuwa ya maabarani, lakini wanafunzi wa skuli katika nchi nyingi hutengeneza kifaa kama hicho kwa maji ya komamanga au ya maua ya rosela, kikatoa umeme kidogo wa kuonekana katika kipimo. Komamanga, ndugu zangu, lile la uani.

Hakuishia kwenye umeme. Mwaka 2014, mwaka mmoja kabla ya zawadi, kikundi cha Grätzel kilionyesha seli mbili za jua za aina mpya zikiyapasua maji, na asilimia 12.3 ya nguvu ya jua iliyopokewa ikaingia katika haidrojeni. Na vichocheo vilivyotumika kuharakisha kazi hiyo havikuwa vya platini ya thamani bali vya nikeli na chuma.

Kazi ya Yaghi yahusu akiba. Haidrojeni ikiisha kupatikana ni taabu kuiweka, kwa wepesi wake. Kilo moja, isipobanwa, yataka nafasi ya zaidi ya lita 11,000. Ndiyo maana magari yaitumiayo huibana ndani ya mitungi kwa nguvu mara 700 ya hewa tuivutayo. Yaghi alitengeneza vitu ambavyo mvuvi wa hapa ataelewa upesi kuliko profesa: ni madema. Mafundo yake ni ya madini, fito zake ni za kaboni, na ndani mna vyumba vitupu, ila dema lenyewe ni dogo hata halionekani, na katika punje moja wamo mamilioni kwa mamilioni. Gesi huingia na kujishika kutani mwa vyumba hivyo. Lile alilolitangaza mwaka 1999, gramu chache zake tu zina uso wa ndani sawa na kiwanja cha mpira. Kwa haidrojeni madema haya hufanya kazi vizuri zaidi katika baridi kali mno, na hiyo ni kazi ambayo haijakwisha. Lakini mengine hunasa unyevu wa hewa ya jangwani usiku na kuutoa maji mchana, na jambo hilo Yaghi mwenyewe analieleza kwa maisha yake: alikulia Amman katika chumba kimoja na ndugu wengi na mifugo ya baba yake, na maji ya mfereji yakija saa chache tu kwa wiki moja au mbili. Alipokuwa na umri wa miaka kumi aliona katika maktaba ya skuli picha za molekyuli, asijue ni nini, zikamkaa moyoni.

Watu wetu wapenda kusema kuwa kemia ni yetu, Jabir bin Hayyan ndiye aliyeianzisha. Huenda. Lakini Jabir alikufa zaidi ya miaka elfu iliyopita, na fakhari ya babu haimpikii mjukuu.

Sasa twende kwenye faida na khofu, maana mtu wa Msambweni ana haki ya kuuliza vyote viwili.

Faida iliyo karibu si magari, ni mbolea. Mbolea ya naitrojeni hutokana na amonia, na amonia hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani na haidrojeni. Haidrojeni hiyo hivi leo hutolewa zaidi katika gesi ya ardhini, na kwa hivyo gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Hayo tuliyaona mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraini: gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000 hata serikali ikaliuza kwa ruzuku, kwanza 3,500 na mwaka uliofuata 2,500. Mkulima wa mahindi wa Lunga Lunga alilipia vita asivyoviona. Ndiyo maana Kenya, ilipotangaza mpango wake wa haidrojeni Septemba 2023, iliiweka mbolea mbele, ikitegemea kuwa umeme wetu mwingi watokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Karibu na Naivasha, katika shamba la Kenya Nut, umewekwa mtambo mdogo wa kutengeneza amonia papo hapo shambani kwa nguvu ya jua.

Khofu ni ya maji na ya umeme. Kilo moja ya haidrojeni hula lita tisa za maji, na hayo ni maji safi kabisa. Ya chumvi sharti yasafishwe kwanza. Tani moja ya amonia yataka kilo 176 hivi za haidrojeni, yaani kadiri ya lita 1,600 za maji. Si mengi ukilinganisha na shamba la miwa. Lakini visima vyetu vya karibu na bahari vyajulikana kwa chumvi, na maji ya Tiwi yana wenye kuyagombania tayari. Umeme nao: kilo hiyo moja yataka uniti zipatazo 50 au zaidi kuitoa majini, na ikiisha kupatikana ina nguvu ya uniti 33 tu; ukiigeuza tena kuwa umeme, nusu yake hupotea. Kwa hivyo penye waya wa umeme, tumia waya. Haidrojeni si kisima, ni mtungi. Hubeba kilichotekwa kwengine. Siku atakapokuja mtu na ramani akitaka ardhi ya pwani kwa mtambo wa haidrojeni, na siku hiyo yaweza kuja, ataulizwa nini? Atauliza nani maji yatoka wapi, uniti ngapi kwa kilo, na amonia itauzwa kwa nani? Wenye kuijua hesabu hii kwa ukamilifu ndio watakaoweza kukaa naye meza moja. Wengine tutatia dole gumba.

Na kwa lile neno la baba, "atavifanyia wapi", tumemwonyesha Gazi, mwendo mfupi kutoka hapa. Watu wa Gazi na Makongeni, pamoja na watafiti wa uvuvi na bahari, huipima mikoko yao, wakahisabu kaboni iliyomo na kuiuza. Mradi wao wa Mikoko Pamoja ulipata zawadi ya kimataifa ya Equator mwaka 2017, na pesa zake zimeingia katika maji na skuli za vijiji hivyo. Kupima mti na kuhisabu kaboni yake ni kemia. Yafanywa matopeni, na wenyeji wa matope.

Mzee alisikiliza yote. Alisema maneno ya rutili yamemuuma, kwa kuwa nduguye alikuwa mmoja wa waliohama Nguluku kupisha mgodi. Kisha akauliza kama ile rangi ya komamanga hufanya kazi kweli au ni maneno ya kitabuni. Tukamjibu kuwa hatujaijaribu hapa.

Basi Ijumaa ijayo baada ya alasiri tutaijaribu. Wenye komamanga walete yaliyoiva mno yasiyofaa kuliwa. Oksaidi ya titani ya unga na vioo vyenye kupitisha umeme tumeagiza Mombasa. Vijana wa gredi ya tisa waje na daftari, na wasichana watakaa mbele, kwa kuwa mara iliyopita walilalamika kuwa viputo hawakuviona.